Hodi Iliyobaki Garini

Siku Idd alipoacha kazi ya kuosha mabasi, msimamizi wake alimpa mkono na kumwambia, "Lycka till, grabben." Kila la heri, kijana. Kijana mwenyewe alikuwa na mvi kwenye masharubu na binti, Rita, anayebishana naye kwa Kiswidi. Miaka yote ile ya kusugua viti na kukwangua bigiji za watu hakuna aliyemwita Idd pale gereji. Alikuwa "grabben" asubuhi, "grabben" jioni, na siku ya kuondoka alikuwa "grabben" wa kupewa mkono.

Nakuambia hili mapema usije ukadhani alitafuta utajiri. Idd alitaka kujiajiri kwa sababu moja: mtu akimwita, amwite kwa jina lake.

Akanunua gari dogo la mizigo, jeupe, au tuseme lilikuwa jeupe enzi za uhai wake. Herufi za ubavuni nilizikata mimi. Nilikuwa nalala kwenye sofa lao pale Hjulsta, huku Uswidi, na mtu anayelala kwenye sofa la watu hana kazi anayoikataa. Isitoshe, nina nusu diploma ya umeme kutoka Mombasa, ile nusu inayokufundisha kwamba umeme ni hatari. Nusu ya pili, inayokufundisha la kufanya, sikuifikia.

"Niandike nini, Kaka Idd?"

"Hodi."

"Hodi nini? Hodi Matengenezo? Hodi na Wanawe?"

"Hodi, basi. Fundi wa kweli haanzi na nyundo, anaanza na hodi."

Mkewe Emérithe alikuwa jikoni anapika maharage ya kwao Burundi. Akachungulia. "Papa Rita, Waswidi watasoma nini hapo?"

"Wataniuliza maana yake, nami nitawaambia."

Waliuliza, kwa kweli. Waswidi wakiona HODI wanatamka "hudi", na hudi kwao ni sweta lenye kofia. Wiki ya kwanza mama mmoja alipiga simu kuuliza kama ipo ya kijani. Kijana mwingine alitaka za timu nzima ya mpira. Idd akawa anawaeleza kwa upole kwamba yeye anatengeneza makoki na bawaba za milango, nao wanamsikiliza kwa upole, kisha wanauliza kama basi ipo nyeusi.

Halafu akaja Torgny. Hilo ni jina la mtu. Sisi tulijaribu kulitamka tukaishia Toni. Torgny alikuwa mkuu wa matengenezo wa kampuni moja ya nyumba za kupanga, yenye majengo kadhaa kule Alby, na fundi wao wa kazi ndogondogo alikuwa amestaafu. Akampa Idd majaribio hadi Krismasi: koki, vitasa, kabati zilizolegea, choo kinacholia usiku kucha. Akifaulu, majengo yote yale ni yake. Akishindwa, gereji ya mabasi iko palepale na bigiji hazijaisha.

Torgny hakuwa mtu mbaya. Ila alisoma gari akadhani amesoma jina la mwenye gari. Kila asubuhi simu inalia, "Hej, Hodi!" Idd alimsahihisha mara ya kwanza, mara ya pili, kisha akachoka. Akawa anafunika simu kwa kiganja na kumnong'onezea, "Karibu." Kwa hiyo mtu pekee aliyempigia Idd hodi katika Uswidi nzima alikuwa Torgny, na hakujua.

Sasa kuna jambo la milango, nalo ndilo lililomla Idd.

Vitasa vya huku vina ujanja. Mpangaji akiwa na koki inayovuja naye anakwenda kazini, anageuza kidude fulani kwenye kitasa chake. Kikiwa kimegeuzwa, ufunguo wa fundi unafungua. Hakijageuzwa, ufunguo wa fundi ni kijiko. Maana yake ni hii: ingia, tengeneza, toka, ndizi zangu usiguse. Na kampuni ina utaratibu wake: bonyeza kengele, fungua, paza sauti useme u nani, ingia ufanye kazi.

Idd alifuata utaratibu huo hadi penye kupaza sauti. Alibonyeza kengele. Akafungua mlango upana wa kiganja. Akaita, "Hodi!" Akangoja. "Hodi!" Akangoja. "Hodi wenyewe!" Kimya. Basi akaurudisha mlango polepole kama anayefunika mtoto aliyelala, akabandika karatasi ya "nimekuja hukuwepo", akashuka ngazi. Hodi tatu bila karibu, mtu mstaarabu anaondoka. Ndivyo alivyolelewa Kigoma, na ndivyo alivyotengeneza koki za Alby: kwa kutozitengeneza.

Wanaoshinda nyumbani walimpenda. Wagonjwa, wastaafu, akina mama wenye vichanga, wote waliitika hata kama hawakujua wanaitika nini, naye akavaa vifuniko vyake vya buluu vya viatu, akafanya kazi safi. Lakini wafanyakazi, wale wanaotoka alfajiri na kuwaachia mafundi nyumba, walirudi jioni wakakuta koki inadondosha na karatasi mlangoni. "Nimekuja hukuwepo." Mtu ameacha nyumba wazi makusudi kwa kuwa hatakuwepo, halafu anaandikiwa kwamba hakuwepo! Mimi ningedhani nachezewa.

Jumapili moja tulikuwa Tensta kwa Wamuyu, mwuguzi kutoka Nyeri ambaye nyumba yake haina Jumapili bila wageni. Habari ilikuwa imemtangulia Idd. Mugambi, mtu wa kompyuta mwenye koti la bei kubwa kuliko gari la Idd, hakumngoja hata akae.

"Fundi, nasikia unangoja koki ikwambie karibu."

"Cheka tu, Mugambi."

"Sicheki, nauliza. Na jokofu je, unaliamkia? Shikamoo jokofu?"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Mimi nilicheka zaidi ya wote, tena niliongeza la kwangu kuhusu choo, ambalo silirudii hapa kwa heshima ya msomaji.

Wamuyu akasema, "Lakini wamekupa ruhusa, Idd. Kidude kikigeuzwa ni ruhusa."

"Ruhusa ya chuma," Idd akajibu. "Mimi nataka ya mdomo."

"Mdomo uko kazini, jameni!"

Emérithe naye alikuwa ameshiba mambo haya. Yeye anahudumia wazee majumbani mwao, anatembea na funguo za watu shingoni kama rozari. "Mimi naingia kwa wazee kutwa nzima," akasema. "Wengine hawasikii, wengine hawajui hata ni mchana. Kama ningengoja karibu, wangekufa na njaa vitandani. Papa Rita, hii si heshima. Hii ni kiburi kimevaa kanzu."

Idd hakumjibu mbele za watu. Alijibu garini, tukirudi Hjulsta, mvua iliyochanganyika na theluji ikipiga kioo. Alisema kwa sauti ndogo, macho barabarani.

"Wewe ukikutwa ndani, mama, umevaa sare na umeshika uji. Mimi nitakuwa nimeshika bisibisi. Mwanamume mweusi ndani ya nyumba ya mtu, mwenyewe hayupo, bisibisi mkononi. Akirudi ghafla nimwambie nini? Kwamba nilibonyeza kengele?" Akabadilisha gia. "Mtu akishakujibu karibu, hawezi tena kukuita mwizi. Ile karibu ndiyo mkataba wangu."

Hakuna aliyecheka. Hata mimi, na mimi nacheka misibani.

Torgny akapiga simu siku iliyofuata. Hakufoka, Waswidi wa cheo kile hawafoki, wanapoa. "Hodi," alisema, "kazi yako ni nzuri unapoifanya. Lakini wapangaji wanalalamika. Kitasa kikiwa kimegeuzwa, unaingia. Ukibandika karatasi moja zaidi, itabidi nitafute mtu mwingine. Umenielewa?"

Idd alielewa. Alikaa kwenye kiti cha jikoni akigeuzageuza kikombe kisicho na chai. Mwishowe akaniambia jambo ambalo wakati ule niliona ni akili, na sasa sijui niliite nini.

"Shida si kuingia. Shida ni kuita halafu niingie bila kuitikiwa. Nikishasema hodi, miguu yangu haivuki bila karibu. Ni kama kutoa salamu halafu ukamtemea mtu mate. Basi dawa ni kutosema kabisa. Nabonyeza kengele, nafungua, napita kimya. Sijaomba, sijanyimwa."

"Umekuwa wakili, Kaka Idd."

"Nimekuwa Mswidi," akasema.

Na kwa muda mambo yakaenda! Aliingia kimya, akatengeneza, akatoka kimya. Makoki yakanyamaza Alby nzima. Torgny akampigia kumsifu, "Bra jobbat, Hodi!" Emérithe akanunua keki. Mugambi akaahidi kumtengenezea tovuti, ahadi ambayo mpaka leo inatengenezwa. Idd peke yake hakuchangamka. Alikuwa anarudi nyumbani anaosha mikono mno, kama mtu aliyetoka kushika samaki.

Wiki chache kabla ya Krismasi akatumwa jengo la karibu na kituo cha treni, ghorofa ya juu: koki ya jikoni inavuja. Kitasa kilikuwa kimegeuzwa. Kengele alibonyeza, haikulia. Kengele za majengo yale nyingi zilishakufa na hakuna aliyezizika. Akafungua. Akavaa vifuniko vyake vya buluu. Akapita kimya hadi jikoni, akalala chali chini ya sinki, akafungua kile kiwiko cha bomba la maji machafu kilichokuwa njiani, akakiweka pembeni kwenye ndoo.

Yaliyofuata nimeyasikia kwa Idd, tena nimeyasikia kwa mwenye nyumba, na wote wawili wanasimulia vilevile. Ndiyo maana yanauma.

Mwenye nyumba anaitwa Bi Aidah. Ni Mganda wa Kibuli, mjane. Yeye na mumewe waliikimbia Uganda ujanani wakakaa Mombasa miaka mingi kabla ya kuletwa huku. Kiswahili chake ni kitamu, nywele zake nyeupe kabisa. Asubuhi ile alikuwa kwenye roshani anamwagilia mmea wake wa mwisho uliokuwa haujafa kwa baridi. Akaona gari linaegeshwa chini. Ubavuni limeandikwa HODI.

"Nilisoma, nikasoma tena," aliniambia baadaye. "Nikasema moyoni, leo mtu atabisha hodi kwangu. Tangu mume wangu afe sijabishiwa hodi, mwanangu. Huku watu wanatuma ujumbe kwamba wako chini. Nikaingia chumbani nitafute kitambaa cha kichwani, kile kizuri. Nikawa nimeishika karibu yangu hapa mdomoni, nangoja."

Hakujua kwamba bintiye Mirembe alikuwa amegeuza kidude cha kitasa alipokuwa akitoka kwenda kazini. Hakusikia kengele, maana hakuna kengele. Akasikia spana inagonga bomba jikoni kwake. Akatoka vile alivyo, kichwa wazi, kitambaa mkononi. Akakuta miguu ya mwanamume imechomoza kabatini, imevaa plastiki za buluu.

"Wewe!" akasema kwa Kiswahili.

Idd aligonga paji la uso kwenye sinki. Akatoka, akamwona, akainamisha macho chini papo hapo kwa sababu ya nywele zile. "Shikamoo, mama."

"Shikamoo ya wapi? Gari ni lako lile?"

"Ni langu, mama."

"Limeandikwa nini?"

Idd akapangusa mikono kwenye suruali.

"Nakuuliza, limeandikwa nini?"

"Hodi."

"Sasa hodi umeiacha garini? Umeifungia huko ikulindie gari, mwenyewe umepanda kwangu mtupu? Waswidi nawasamehe, hawakufundishwa. Wewe nani kakupokonya?"

Idd anasema hakuwahi kusikia aibu ya namna ile tangu alipokuwa mtoto. Alitamani amweleze habari za Torgny, za karatasi, za Krismasi.

"Toka," Bi Aidah akasema. "Toka nje uje upya, kama mtu aliyezaliwa na watu."

Akatoka. Kila kitu kikabaki ndani: vifuniko vya viatu alivyovivua mlangoni, boksi la vifaa, kiwiko cha bomba kwenye ndoo, kabati wazi. Akasimama kwenye ngazi, mlango umefungwa mbele yake, akavuta pumzi. Hodi yake ya kwanza tangu alipoapa kutosema.

"Hodi!"

Bi Aidah alikuwa amekwenda bafuni kwenye kioo, afunge kitambaa vizuri, maana mgeni anakuja. Feni ya bafuni inanguruma kama mashine ya kusaga.

"Hodi!"

Idd akangoja. Alingoja kwa haki, anaapa.

"Hodi wenyewe!"

Kimya. Naye akaelewa kimya kile alivyofundishwa kukielewa. Akajua amekataliwa, na kwamba anastahili. Ufunguo uliokuwa mfukoni mwake ungefungua mlango ule kama wembe kwenye karatasi. Hakuugusa. Akashuka ngazi, akakaa garini kidogo akingoja labda ataitwa kutoka roshani, kisha akaondoka.

Bi Aidah alitoka bafuni amependeza. Akafungua mlango, ngazi tupu. Akatazama chini kutoka roshani, gari halipo. Akasonya, akarudi jikoni kujipikia chai ya kutuliza hasira. Akaufunga mlango wa kabati kwa goti. Akafungua koki, akajaza birika, akasuuza vikombe, akaosha na vyombo vya jana alivyokuwa ameviacha. Maji yote yakashuka kwenye sinki, yakafika pale palipokuwa na kiwiko, yakakuta hewa. Yakaingia kabatini, yakaingia chini ya sakafu, yakamfikia jirani wa chini ambaye dari lake lilikuwa limepakwa rangi mpya.

Nchi hii inasamehe mengi. Maji sakafuni haisamehe.

Simu ya Torgny ilimkuta Idd akiwa sebuleni kwetu, akaiweka kwenye spika mezani, kwa hiyo nilisikia.

"Nieleze tu nielewe," Torgny akasema. "Ulifungua bomba?"

"Ndiyo."

"Ukaliacha wazi?"

"Ndiyo."

"Ukaondoka. Mpangaji yupo nyumbani, una ufunguo, vifaa viko ndani. Kwa nini uliondoka, Hodi?"

Idd alitafuta maneno ya Kiswidi. Nilimwona akiyatafuta, kama mtu anayepapasa taa kwenye nyumba ya ugenini. Akapata haya: "Hon sa inte välkommen."

Hakusema karibu. Kwa Kiswahili hiyo ni hoja, unaweza kusimama nayo mbele ya wazee. Kwa Kiswidi inasikika kama mtoto aliyenyimwa keki kwenye siku ya kuzaliwa ya mwenzake. Nadhani Torgny alikuwa anajaribu kweli kuelewa, masikini. Kisha akasema wataishia hapo, na kwamba bima ingewasiliana naye. Akamalizia, "Ha det bra, Hodi." Kwaheri, Hodi.

Safari hii Idd hakufunika simu.

Tulibandua zile herufi pamoja, tukizipasha moto kwa mashine ya Emérithe ya kukaushia nywele. Zilitoka vizuri. Lakini chini yake rangi ilikuwa imekingwa na jua na chumvi ya barabarani, ikabaki nyeupe safi, kwa hiyo HODI ikasomeka kuliko mwanzo. Aliyelinunua gari hakujali. Nimewahi kuliona Spånga limebeba magodoro.

Gereji ya mabasi walimpokea bila maswali. "Grabben karudi!" Milango ya mabasi ina kitufe, ukibonyeza inajifungua yenyewe kwa mlio wa kupumua, haikuulizi wala huiulizi.

Boksi la vifaa likabaki Alby. Bi Aidah alituma salamu kupitia Wamuyu, ambaye hakuna Mwafrika wa mji huu asiyemjua, kwamba vitu vya fundi viko kwake, aje avichukue mwenyewe. Idd hakwenda. Akatuma tena. Hakwenda. Mwishowe Emérithe akanitupia koti langu: "Nenda wewe, maana huyu atakufa na aibu yake, na mimi boksi nalihitaji, kitanda cha Rita kimevunjika."

Nikapanda treni hadi Alby, nikapanda ngazi, nikabisha. Aliniketisha, akaninywesha chai, akanisimulia yote niliyoyaandika hapa juu. Boksi alikuwa amelipangusa, kila spana mahali pake, na juu yake ameweka vile vifuniko vya buluu, vimefuliwa na kukunjwa.

"Mwenyewe hajambo?"

"Hajambo, mama. Yuko kazini."

"Mwambie nilikuwa nafunga kitambaa."

"Nitamwambia."

Idd alikuwa anavaa sare ya zamu nilipofika na boksi. Hakulifungua. Alilisukuma kwa mguu hadi chini ya meza, akaendelea na vifungo. Nikampa ujumbe wa kitambaa, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa hali ya hewa ya mji mwingine. Nilidhani yamekwisha. Alipofika mlangoni akageuka.

"Ulibisha hodi?"

"Nilibisha."

"Akasema karibu?"

"Alisema."

"Mara ya ngapi?"

Ningeweza kumdanganya. Mdomo huu umedanganya kwa mambo madogo zaidi.

"Ya kwanza, Kaka Idd. Hata sikuwa nimeimaliza."

Akafunga zipu ya koti hadi kidevuni, akatoka.